Umeme wa Maji: Safari ya Mto Ruaha Mkuu Kutoka Usangu Hadi Bwawa la Julius Nyerere

Umeme unaotokana na nguvu ya maji huhesabiwa miongoni mwa nishati jadidifu kwa sababu mtambo haumalizi maji unayoyatumia. Maji hushuka kwa kasi kutoka bwawani kupitia mabomba makubwa, huzungusha mtambo, kisha hurudi mtoni yakiwa yale yale. Kiasi cha umeme hutegemea mambo mawili: wingi wa maji na kimo yanakotoka.

Mfano bora wa jambo hili ni Mto Ruaha Mkuu. Mto huo hupokea maji ya milima ya Nyanda za Juu Kusini, hupita katika bonde la Usangu na ardhi oevu ya Ihefu, kisha hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hadi Mtera, ambako kuna mitambo ya megawati 80. Maji yakitoka hapo huendelea hadi Kidatu, mkoani Morogoro, na kuzalisha hadi megawati 204. Baadaye mto huo hujiunga na Rufiji, na maji yale yale huingia katika Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, sawa na megawati 2,115. Mtambo wa kwanza wa bwawa hilo uliingizwa katika Gridi ya Taifa mwezi Februari 2024.

Hivyo, tone moja la maji lililohifadhiwa Usangu huweza kuzalisha umeme mara tatu. Vivyo hivyo, tone linalopotea huko hupotea mara tatu.

Hata hivyo, nishati hii hujirudia pale tu mto unapoendelea kutiririka. Bwawa la Mtera hujaa maji yanapofikia mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Yakishuka hadi mita 690, uzalishaji hulazimika kusimama. Tangu miaka ya 1990, Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka katika baadhi ya maeneo wakati wa kiangazi, kutokana na uchepushaji wa maji ya umwagiliaji, ufugaji usiozingatia uwezo wa ardhi na uvamizi wa ardhi oevu. Mwishoni mwa mwaka 2023 wananchi walishuhudia mgao wa umeme, na upungufu wa maji mabwawani ulikuwa miongoni mwa sababu zake.

Ni kwa msingi huo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa. Aidha, anayetaka kuchepusha maji ya mto kwa ajili ya kilimo anatakiwa kuwa na kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde husika. Kibali hicho hutaja kiasi cha maji kinachoruhusiwa ili mkulima apate haki yake na mto ubaki na maji.

Kwa mantiki hiyo, mkulima wa Mbarali anayefunga mfereji wake baada ya kumwagilia, na kuyaacha maji yarejee mtoni, anashiriki kuzalisha umeme unaowasha taa Dodoma, Mwanza na Dar es Salaam. Utunzaji wa vyanzo vya maji ni sehemu ya mtambo wenyewe.