Kipimo cha Sukari Ndani ya Mshipa: Kwa Nini Damu Hukikataa

Mgonjwa wa kisukari akifika Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Mtwara, huchomwa ncha ya kidole, na tone la damu kwenye stripu husomwa kwa sekunde chache. Lakini Wamarekani Leland Clark na Champ Lyons walieleza kihisio cha sukari kinachotumia kimeng'enya tangu mwaka 1962. Mbona mpaka leo hakijakaa mshipani, kikapima usiku na mchana?

Kikwazo ni damu yenyewe. Mvuvi wa Msimbati anajua kwamba chombo kikikaa sana majini, viumbe wa baharini huganda chini yake. Ndiyo maana mafundi hupaka shahamu, mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na chokaa. Kihisio nacho kikiingia mshipani, protini hunata juu yake mara moja, chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, hufuata, na bonge la damu hujengeka. Seli zilizonaswa humo bado ni hai: zinakula sukari na oksijeni, zinatoa kabonidayoksaidi. Basi kihisio kinapima bonge, si damu. Sukari huonekana imeshuka kumbe iko juu, na mgonjwa akapunguziwa insulini anayoihitaji. Tena bonge likibanduka, laweza kuziba mshipa kwingine.

Watafiti walijaribu kupaka vihisio heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Wengine wakaiga ukuta wa mshipa, ambao hutoa nitriki oksaidi, gesi inayozuia chembe sahani zisinate. Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo mwilini uliwapa wanasayansi Furchgott, Ignarro na Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Mark Meyerhoff wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walitengeneza plastiki inayotoa gesi hiyo kidogo kidogo. Kwa wanyama, mabonge yalipungua na vipimo vikawa sahihi zaidi. Tatizo ni kwamba akiba ya gesi ikiisha, kinga nayo imekwisha.

Kwa hiyo vihisio wanavyotumia wagonjwa majumbani hukaa chini ya ngozi, vikipima sukari katika majimaji yaliyo kati ya seli. Kimojawapo, Eversense 365, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2024, hudumu mwaka mzima. Hata hivyo, sukari ya majimaji hayo huchelewa nyuma ya ile ya damu kwa dakika kadhaa.

Kwa anayevaa kihisio: ukitetemeka, ukitoka jasho au kuchanganyikiwa ilhali namba inaonyesha uko salama, usiitegemee. Choma kidole, upime damu. Sukari ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, kunywa kitu chenye sukari mara moja.