Baridi Yabisi na Hatari ya Maradhi ya Moyo

Katika Kiswahili jina la baridi yabisi hubebeshwa mzigo mkubwa. Mzee anayeumwa magoti, mama ambaye vidole vyake hukakamaa asubuhi, hata kijana aliyeumia kiuno akicheza mpira, wote huambiwa kwamba wana baridi yabisi. Kwa daktari, maradhi hayo ni mengi na hayafanani. Linalozungumzwa hapa ni moja tu kati yake, nalo ni lile ambalo kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe na kuvishambulia viungo. Mwaka 1859 daktari Mwingereza Alfred Baring Garrod aliupa ugonjwa huo jina la kitaalamu, athritisi ya rumatoidi, ili usichanganywe na jongo. Kwa kifupi utaitwa hapa rumatoidi.

Viungo vidogo vya mikono na miguu huvimba, aghalabu vya pande zote mbili kwa pamoja. Asubuhi vidole hukataa kukunjika kwa nusu saa au zaidi, na kazi ndogo kama kufunga kifungo cha shati au kukamua nguo huwa mateso. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na kwamba kiasi cha 70 katika kila mia walikuwa wanawake. Maumivu ya viungo ndiyo yanayompeleka mgonjwa hospitali. Lakini sababu ya kwanza ya vifo vya wagonjwa hao ni maradhi ya moyo na mishipa ya damu. Mwaka 2008 ulichapishwa uchambuzi uliojumlisha tafiti 24 zilizohusu wagonjwa zaidi ya 111,000. Ulionyesha kwamba hatari ya kufa kwa maradhi hayo miongoni mwao ilizidi ile ya watu wengine kwa nusu, yaani asilimia 50.

Kabla ya kueleza sababu, yafaa kuondoa utata mmoja. Iko pia homa ya baridi yabisi, ambayo huwapata hasa watoto wa umri wa miaka 5 hadi 15 baada ya koo kushambuliwa na bakteria waitwao streptokoki. Kinga ya mwili, katika kupigana na bakteria hao, huweza kuzijeruhi vali za moyo, na jeraha hilo likadumu maisha yote. Homa hiyo huzuiliwa kwa penisilini. Rumatoidi ni jambo jingine kabisa: huwapata zaidi watu wazima, haisababishwi na bakteria hao, wala hatari yake kubwa kwa moyo haimo katika vali bali katika ateri, yaani mishipa inayochukua damu kutoka moyoni.

Je, ugonjwa wa kidole unaufikiaje moyo? Jibu limo katika kile wataalamu wanachokiita mchochota, yaani ile hali ya joto, wekundu, uvimbe na maumivu ambayo kila mtu huiona pale anapochomwa na mwiba. Kwa kawaida mchochota ni ulinzi: chembechembe nyeupe za damu hukusanyika, adui huondolewa, na baada ya siku chache utulivu hurejea. Katika rumatoidi hakuna mwiba, na utulivu haurejei. Utando laini unaokifunika kiungo kwa ndani hujaa seli za kinga, huwa mnene, na hatimaye hulila gegedu na mfupa ulio jirani.

Seli hizo hupelekeana habari kwa njia ya protini ndogo, ambazo zinaweza kufananishwa na matarishi wa ofisini. Mbili kati ya zile muhimu huitwa TNF na interleukini-6. Taabu ni kwamba matarishi hawa hawaishii katika kiungo walimotumwa. Huingia katika mkondo wa damu na kubisha hodi kila mahali. Wakifika kwenye ini, ini huanza kutengeneza kwa wingi protini nyingine iitwayo CRP. Protini hiyo iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis wa Taasisi ya Rockefeller, New York, katika damu ya watu waliokuwa na kichomi, na hadi leo kipimo chake humwonyesha daktari ukali wa mchochota popote ulipo mwilini.

Wakifika kwenye ateri, mambo huwa mabaya zaidi. Ateri kwa ndani imetandikwa tabaka moja tu la seli, laini kiasi kwamba damu huteleza juu yake bila kunata. Tabaka hilo likipata ujumbe wa mchochota hupoteza ulaini wake. Chembechembe nyeupe hunata juu yake, hupenya ukutani, humeza kolesteroli iliyomo humo hadi kufura, na kurundikana. Juu ya rundo hilo hujengeka kifuniko cha nyuzinyuzi. Mchochota ukiendelea, kifuniko hicho hula na kuwa chembamba. Siku kikipasuka, damu huganda mahali hapo kwa dakika chache na kuziba njia. Ikiwa ateri hiyo ni mojawapo ya zile zinazoulisha moyo, sehemu ya msuli wa moyo hukosa oksijeni na kufa.

Zamani ateri ililinganishwa na bomba la maji linaloziba polepole kwa uchafu. Mfano huo ulikuwa rahisi kuufundisha, lakini ulificha nusu ya ukweli, kwa sababu bomba halina uhai na ukuta wa ateri unao. Uthibitisho mmoja mkubwa ulipatikana mwaka 2017, katika jaribio lililoongozwa na Paul Ridker wa Boston, Marekani. Watu 10,061 waliokwisha kupatwa na shambulio la moyo, na ambao CRP yao ilikuwa juu, waligawanywa makundi. Wengine walipewa dawa inayomzuia tarishi mmoja wa mchochota, interleukini-1, na wengine sindano isiyo na dawa. Kwa kipimo kimojawapo cha dawa hiyo, mashambulio mapya ya moyo na kiharusi pamoja na vifo vya moyo vilipungua kwa kiasi cha asilimia 15, ingawa kolesteroli haikushuka. Dawa hiyo nayo ilikuwa na gharama yake: vifo vitokanavyo na maambukizo viliongezeka, kwani anayemnyamazisha tarishi hunyamazisha pia habari za adui wa kweli.

Hapa ndipo rumatoidi inapowapotosha hata waganga makini. Mgonjwa ambaye viungo vyake vimevimba sana hupimwa damu, na kolesteroli yake huonekana kuwa ya chini, pengine chini kuliko ya jirani yake mzima. Mtu angedhani kuwa hiyo ni habari njema. Sivyo. Mchochota mkali huharakisha kutumika na kuondolewa kwa kolesteroli katika damu, na wakati huohuo huharibu ile kolesteroli nzuri ambayo kazi yake ni kusafisha kuta za ateri. Mgonjwa akipata tiba inayofaa, kolesteroli yake hupanda kidogo huku hatari ya moyo ikishuka. Kwa hiyo tarakimu ileile ya maabara haiwezi kusomwa kwa namna moja kwa watu wawili tofauti.

Lipo jambo la pili linaloficha hatari. Mtu ambaye ateri za moyo wake zimeanza kuwa nyembamba kwa kawaida huonywa na maumivu ya kifua anapopanda mlima au kubeba mzigo. Mgonjwa wa rumatoidi hapandi mlima, maana magoti hayamruhusu. Hivyo onyo hilo huenda lisimfikie. Uchunguzi uliofanywa Rochester, Minnesota, na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba wagonjwa hao walilalamikia maumivu ya kifua mara chache zaidi kuliko watu wengine, na bado mashambulio ya moyo yasiyotambuliwa pamoja na vifo vya ghafla vilikuwa vingi zaidi miongoni mwao.

Dawa nazo zina mambo yake. Vidonge vya kutuliza maumivu kama diklofenaki hupunguza uchungu na uvimbe, lakini haviuzuii ugonjwa usile mfupa, na vikitumiwa kwa muda mrefu huongeza hatari ya shambulio la moyo. Dawa moja ya jamii hiyo, rofecoxib, iliondolewa sokoni na watengenezaji wake mwaka 2004 kwa sababu hiyo. Kortisoni, iliyotumiwa kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa wa rumatoidi na Philip Hench katika Kliniki ya Mayo mwaka 1948, na kumpatia yeye na wenzake wawili Tuzo ya Nobel mwaka 1950, huleta nafuu ya ajabu. Lakini jamii hiyo ya dawa ikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu hupandisha shinikizo la damu na sukari. Mgonjwa anayejinunulia vidonge vya maumivu mwaka hadi mwaka bila kuonana na daktari basi hupoteza pande mbili.

Dawa inayolenga ugonjwa wenyewe, na ambayo ndiyo nguzo ya tiba, ni methotreksati, ambayo kwa rumatoidi humezwa mara moja kwa juma, wala si kila siku. Kosa hilo limekwisha kuua watu. Huko Wichita, Kansas, wagonjwa 1,240 walifuatiliwa kwa miaka mingi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002: vifo vitokanavyo na moyo miongoni mwa waliotumia methotreksati vilikuwa pungufu kwa kiasi cha asilimia 70. Kwa kuwa huo ulikuwa ufuatiliaji na si jaribio la kugawa watu kwa kura, tarakimu hiyo yafaa kupokewa kwa tahadhari. Uvutaji wa sigara, kwa upande wake, hauna utetezi wowote, kwa maana huchangia kuanzisha rumatoidi na pia huharibu ateri.

Wataalamu wa Ulaya hushauri kwamba hatari ya moyo iliyokadiriwa kwa mgonjwa wa rumatoidi izidishwe kwa 1.5. Hesabu yenyewe ni ya darasani: mwanamke ambaye kwa umri wake, shinikizo lake la damu na kolesteroli yake angekuwa na hatari ya 6 katika mia kwa miaka kumi, huhesabiwa kuwa na 9. Nchini Uingereza kikokotoo cha madaktari kimeuhesabu ugonjwa huu tangu mwaka 2008. Chati ambazo Shirika la Afya Duniani lilizitoa mwaka 2019, zikiwamo za Afrika ya Mashariki, huuliza umri, jinsia, sigara, shinikizo la damu, kisukari na kolesteroli. Safu ya viungo vilivyovimba haimo, na daktari anayezitumia hulazimika kuiongeza mwenyewe baada ya kuitazama mikono ya mgonjwa.