Mombasa hadi Jeddah: Mikati Iko Angani

Mama wa Msambweni aendaye Umra huhofia zaidi foleni ya Likoni kuliko anga. Mombasa hadi Jeddah ni kilomita 2,850 hivi, karibu kaskazini moja kwa moja. Ndege isiyotua njiani huruka kama saa nne, na saa ya mkononi haibadilishwi. Wengi hupitia Nairobi au Addis Ababa, ambako kungoja huweza kuzidi kuruka.

Wepesi huo una mtego. Usawa wa mikati hupitwa angani, kabla ya kutua Jeddah. Basi kogeni nyumbani, na shuka za ihramu za baba zisifungiwe katika sanduku liendalo tumboni mwa ndege. Nuieni mapema, usingizi usiwapitishe. Kwa wanazuoni wengi, aliyepita bila kunuia hurudi mikati, ama huchinja.