Bustani ya usiku na mbu wa mchana

Kila mwaka joto la kaskazi linapopamba moto, kati ya Januari na Machi, huja kwangu watu wasio na maradhi ya kutajika. "Daktari, silali." Mmoja ana shinikizo la damu, mwingine ana mtoto mchanga anayelia usiku kucha, wa tatu ni mzima kabisa. Mpenzi msomaji, kama waishi kisiwani Mombasa sina haja ya kukueleza. Kuta nene za mawe ya matumbawe katika Mji wa Kale hunywa jua mchana kutwa, kisha huanza kulitoa wakati wewe unatandika kitanda. Ghorofa za saruji nazo si afadhali. Na mwili haupati usingizi mwema mpaka joto lake la ndani lishuke kidogo.

Wazee wetu walilijua hili kabla ya feni, wakajenga baraza mbele ya nyumba na kuacha ua wazi kati. Kwa hiyo wengi huwaandikia dawa isiyouzwa dukani: saa moja au mbili nje baada ya Isha, uani au juu ya paa, penye upepo wa bahari na miti ya kunukia.

Bustani ya namna hii haihitaji shamba. Madebe matatu manne ya asumini na mrehani yatosha, na mkilua ukiupata. Asumini hufunguka magharibi, na weupe wake huonekana hata kwa mbalamwezi. Mlangilangi ni mti mkubwa, mwachie mwenye kiwanja. Taa iwe ndogo, ya manjano, imulike chini. Taa kali nyeupe huuambia ubongo kuwa kungali mchana, na homoni ya usingizi ikachelewa. Simu ni vivyo hivyo. Mwenye pumu ajijaribu kwanza, maana harufu kali huwabana kifua baadhi ya watu, ingawa moshi wa udi na wa dawa ya mbu ya kuchoma humdhuru zaidi kuliko ua lolote. Na ule mti wa maua makubwa yaning'iniayo kama tarumbeta, unukiao usiku, ni sumu tangu jani hata mbegu. Penye watoto usipandwe.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Bibi mmoja aliniletea wajukuu wawili wenye homa kali, wakilalamika maumivu ya viungo na nyuma ya macho. Alikuwa amekwisha kuwapa dawa ya malaria na aspirini. "Mwanangu, mbu watoka wapi nasi twalala ndani ya chandarua?" Nilikwenda kwake jioni moja. Ua ulikuwa mzuri ajabu, wanukia asumini hadi mlangoni. Lakini chini ya kila chungu palikuwa na kisahani cha maji, na pembeni pipa lisilo kifuniko. Ndani yake viluwiluwi wakicheza.

Mbu huyo, Aedes aegypti, ni mweusi mwenye alama nyeupe miguuni. Huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya jua kuzama, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii. Hupenda maji tuliyoyaweka wenyewe nyumbani. Ndiye aliyeeneza chikungunya Mombasa mwaka 2004 na tena 2017 hadi 2018, na homa ya dengi 2013 na 2017. Simlaumu bibi yule. Maji ya bomba kisiwani hutoka mbali, Mzima na Baricho, nayo hukatika. Nani asiyeweka akiba?

Mbu huyu hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, lazima usugue. Katika joto letu yai huwa mbu kwa muda wa siku 7 hadi 10 hivi, basi chagua siku moja ya juma na uishike. Visahani viondoe au uvijaze mchanga. Mapipa na matangi yafunikwe yabane. Mrehani hauwezi kumfukuza mbu kwa kusimama tu chunguni, wauzaji waseme watakavyo. Feni ya mezani ina faida zaidi, kwani mbu ni dhaifu kwenye upepo. Na kwa kuwa usiku wako mbu wengine, wa malaria na wale wa mashimo ya vyoo waenezao matende, vaa nguo ndefu na ujipake mafuta ya kuwazuia.

Homa ikishaingia, mgonjwa apimwe malaria kwanza. Usimpe aspirini wala ibuprofeni, kwani dengi huweza kuvujisha damu. Mpe parasetamoli kwa kipimo chake na vinywaji kwa wingi. Wengi hudhani homa ikishuka hatari imekwisha, kumbe ndipo penye kuchunga. Akipata maumivu makali ya tumbo, akatapika bila kukoma, akatoka damu kwenye fizi au akalegea, mpeleke hospitali usiku huo huo.

Wajukuu wale walipona. Asumini za bibi zingalipo, bila visahani, na kila Ijumaa asubuhi yule mjukuu mkubwa ndiye asuguaye pipa.