Wati 100 za kiwandani si wati 100 za Goma: namna ya kupanga paneli kulingana na jua la Kivu

Mashariki mwa Kongo, paneli za jua zimekuwa tegemeo la nyumba, maduka na vituo vya afya vingi ambako nguzo za umeme hazijafika. Lakini familia inaweza kutumia akiba ya miezi mingi kununua paneli, kisha taa zikazimika kabla ya usiku wa manane. Mara nyingi paneli si mbovu. Ilichaguliwa na kufungwa bila kuangalia jua la mahali.

Nambari iliyo nyuma ya paneli hupimwa maabara, chini ya mwanga wa wati 1000 kwa kila mita mraba, seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya bati, hali hizo mbili hazikutani mara nyingi. Paneli nyingi za silikoni hupoteza asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja inayozidi 25. Goma na Bukavu, zilizo kwenye mwinuko wa karibu mita 1500, zina nafuu kwa kuwa hewa yake ni baridi kuliko ya Kindu au Kisangani. Hata hivyo, inafaa kuacha nafasi kati ya paneli na bati ili upepo upite.

Katika Kivu, shida kubwa ni mawingu. Tuchukue mfano wa nyumba yenye taa nne za wati 5 zinazowaka saa 6, pamoja na televisheni ya wati 40 kwa saa 5. Inahitaji wati-saa 320 kwa siku. Siku yenye mwanga sawa na saa 4 za jua kamili, paneli ya wati 100 inatoa wati-saa 400. Joto, nyaya na betri vikila robo, zinabaki 300. Siku ya mawingu mazito yenye saa 2 tu, zinabaki 150, chini ya nusu ya mahitaji. Ndiyo maana hesabu hufanywa kwa mwezi mbaya zaidi wa mvua, si kwa kiangazi.

Mwelekeo nao una uzito. Maelekezo ya Ulaya hutaka paneli iinamishwe sana kuelekea kusini. Goma iko karibu digrii 2 tu kusini mwa ikweta: mwezi wa 6 jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, mwezi wa 12 upande wa kusini. Paneli iliyoinamishwa digrii 35 kuelekea kusini hupata mwezi wa 6 karibu nusu tu ya miale ya moja kwa moja ya adhuhuri. Huku, mwinamo wa digrii 10 hivi unatosha, ili mvua ioshe vumbi na majivu ya volkeno. Lubumbashi, iliyo mbali zaidi kusini, paneli huelekezwa kaskazini. Na pale mvua inaponyesha mara nyingi alasiri, kuielekeza kidogo mashariki husaidia kushika jua la asubuhi.

Ardhi pia inahesabika. Paneli za pande mbili hupokea hata mwanga unaorudishwa kutoka chini, lakini mawe meusi ya lava ya Goma hurudisha kidogo sana. Mwenye kuzinunua kwa bei ya juu aangalie kwanza zitakaa juu ya nini.

Hata mtambo wa kampuni Nuru mjini Goma, wenye megawati 1.3 na uliozinduliwa mwaka 2020, ni wa mseto: hautegemei paneli peke yake.

Kwa kituo cha afya, kosa la hesabu linaweza kumwacha mama anayejifungua gizani. Kabla ya kulipa, mnunuzi aandike vyombo vyake na saa vinavyotumika, kisha amuulize fundi swali moja: siku tatu za mawingu zikifuatana, nitabaki na nini?