Farmington: nyumba ya shamba na waliolilima

Kando ya barabara ya Bardstown mjini Louisville, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, ingali imesimama nyumba ya matofali yenye vyumba 14. Nyumba hiyo, iitwayo Farmington, ilikamilika mwaka 1816, na kwa takriban nusu karne ilikuwa makao ya familia ya Jaji John Speed. Hivi sasa ni makumbusho.

Historia ya nyumba kongwe aghalabu husimuliwa kwa majina ya waliozimiliki. Hata hivyo, ya Farmington haieleweki pasipo kuwataja watumwa wapatao 60 waliokuwa mali ya Speed alipofariki dunia mwaka 1840.

Utajiri wa kamba

Shamba hilo lilikuwa na ekari zipatazo 550. Zao lake kuu lilikuwa mmea wa jamii ya bangi, uliolimwa kwa ajili ya nyuzi zake kama ulimwavyo mkonge wa Tanga. Watumwa waliukata na kuuponda ili kutenga nyuzi, zilizotengenezwa kamba na magunia. Bidhaa hizo ziliuzwa majimbo ya kusini kufungia marobota ya pamba, ambayo nayo ililimwa na watumwa.

Mgeni kutoka Illinois

Mwaka 1841 Abraham Lincoln, wakati huo wakili mwenye umri wa miaka 32, alikaa Farmington kwa takriban wiki tatu. Alikuwa mgeni wa rafiki yake Joshua Speed, mwana wa John. Lincoln alikuwa amezama katika huzuni baada ya uchumba wake na Mary Todd kuvunjika. Mama mwenye nyumba, Lucy Speed, alimliwaza na kumzawadia Biblia.

Akirejea nyumbani kwa meli, Lincoln aliwaona watumwa 12 waliofungwa pamoja kwa minyororo, wakipelekwa kusini. Katika barua aliyoiandika mwezi huo alistaajabia uchangamfu wao. Lakini mwaka 1855 alimwandikia Joshua, aliyekuwa bado akitetea haki ya kumiliki watumwa, kwamba tukio lile lilikuwa likimtesa moyoni daima.

Njia ya kaskazini

Kwa mtumwa wa Kentucky, uhuru ulianzia ng'ambo ya mto Ohio, uliotenganisha jimbo hilo na majimbo yasiyoruhusu utumwa. Lakini sheria ya mwaka 1850 iliwalazimu hata wakazi wa kaskazini kusaidia kuwakamata watoro. Kwa hiyo wengi walikusudia kufika Canada, ambako utumwa ulikuwa umekomeshwa tangu mwaka 1834.

Baadhi yao walipita Columbus, jimboni Ohio. Huko nyumba ya Fernando na Sophia Kelton, iliyojengwa mwaka 1852 pembezoni mwa mji, inakumbukwa kwa kuwahifadhi watoro. Mwaka 1864 ilimpokea binti aitwaye Martha Hartway, aliyetoroka Virginia. Alilelewa humo, na mwaka 1874 akafungia ndoa katika nyumba hiyo hiyo.

Kituo kingine kilikuwa Buffalo, jimboni New York, ambako mto Niagara pekee ndio unaotenganisha nchi mbili. William Wells Brown, aliyezaliwa mtumwa Kentucky na kutoroka mwaka 1834, aliishi mjini humo akifanya kazi melini. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwaka 1842 pekee aliwavusha watu 69 hadi Canada.

Baada ya uhuru

Tangazo la Lincoln la mwaka 1863 la kuwaachia huru watumwa halikuihusu Kentucky, iliyobaki upande wa serikali yake. Waliokuwa bado utumwani huko walisubiri marekebisho ya katiba ya Desemba mwaka 1865, mwaka ambao Farmington iliuzwa. Bunge la Kentucky liliyaidhinisha marekebisho hayo mwaka 1976 tu.

Simulizi hii si ngeni Afrika Mashariki. Mashamba ya karafuu ya Zanzibar nayo hukumbukwa kwa majina ya mabwana wake, ingawa yalistawishwa na watumwa hadi karne ya 19 ilipokuwa ikimalizika.

Leo Louisville, Columbus na Buffalo ni makao ya maelfu ya Wasomali, Wakongo na wengine waliokimbia vita. Wao pia wanajua kwamba nyumba ni ya aliyeimiliki, na vilevile ya aliyeijenga, aliyeitumikia na aliyelazimika kuikimbia.