Bukari Peke Yake Hailishi Ngozi

Angalia mikono yako. Ngozi ni nguo ya mwili isiyovuliwa. Kila siku ile ya juu inachakaa, na mwili unatengeneza nyingine chini yake. Fundi hawezi kushona nguo bila kitambaa na uzi. Vivyo hivyo mwili hauwezi kutengeneza ngozi bila chakula kinachofaa. Basi kabla ya kununua mafuta ya kupaka, jiulize kwanza: ndani ya chungu changu kuna nini?

Hapa Kolwezi, kama vile Likasi na Lubumbashi, chakula chetu kikubwa ni bukari. Bukari ni chakula chema. Inashibisha tumbo, na inampa mchimbaji nguvu ya kubeba mfuko wa mawe. Lakini kushiba ni jambo moja, na kulishwa ni jambo lingine. Fedha zinapopungua, jamaa nyingine hula bukari na chumvi, au na majani kidogo tu. Mtu akila mahindi namna hiyo miezi mingi, anaweza kushikwa na ugonjwa unaoitwa pelagra.

DALILI ZAKE

Ugonjwa huu hutokea mahali jua linapopiga: migongo ya mikono, miguu, na shingo, kuizunguka kama mkufu. Kwanza ngozi inawaka kama iliyoungua. Kisha inakuwa nyeusi na ngumu, yenye magamba na nyufa. Angalia sana alama hii: mkono wa kuume na wa kushoto hufanana. Ulimi unakuwa mwekundu na kuuma. Tumbo linahara. Baadaye mgonjwa hapati usingizi, anasahau, anahuzunika, au anasema maneno yasiyoeleweka. Asipotibiwa, anaweza kufa.

Wengine wakiona ngozi hiyo husema, “Ni ukoma.” Wakisikia maneno yake husema, “Amerogwa.” Ndipo wanamtenga na kumwekea sahani yake mbali, naye ni mtu anayehitaji chakula bora kuliko wote nyumbani. Ndugu, pelagra haiambukizi. Mwaka 1916 huko Marekani, munganga Joseph Goldberger, pamoja na mke wake na rafiki zao, walijitia mwilini damu ya wagonjwa ili kujua kama ugonjwa utawashika. Hakuna hata mmoja aliyepata pelagra. Kabla ya hapo, Goldberger alikuwa amewapa watoto yatima maziwa, mayai, nyama na maharagi, na pelagra ikaisha katika nyumba zao.

SABABU YAKE

Mwili unahitaji kitu kidogo kiitwacho niasini, nacho ni vitamini. Mahindi yana niasini, lakini imefungwa ndani ya punje kama fedha ndani ya sanduku lisilo na ufunguo. Tunaila, lakini mwili hauwezi kuitumia. Watu wa Mexico, waliolima mahindi tangu zamani sana, huyachemsha katika maji ya chokaa au ya majivu, na hivyo niasini inafunguliwa. Mahindi yalivuka bahari na kufika kwetu, lakini desturi hiyo haikufika pamoja nayo. Kwa hiyo sisi tunapaswa kupata niasini katika mboga tunayolia bukari.

Sikiliza mambo yaliyotokea Malawi mwaka 1990. Wakimbizi wengi kutoka Msumbiji waliishi huko kwa posho ya unga wa mahindi, na kalanga zilikuwa msaada wao mkubwa wa kupata niasini. Kalanga zilipokosekana, watu zaidi ya 17,000 walishikwa na pelagra. Unga ulikuwapo. Kilichopungua ni kalanga.

TULE NINI?

1. Kalanga. Hizi ni dawa iliyo sokoni kwetu kila siku. Gramu 100 za kalanga zina niasini karibu miligramu 12, na mtu mzima anahitaji miligramu 14 mpaka 16 kwa siku. Mama, twanga kalanga utie katika sombe au lengalenga. Usinunue zenye ukungu.

2. Samaki, nyama na mayai. Samaki wadogo waliokaushwa wanafaa sana, na bei yao si kubwa kama ya nyama. Viwavi wanaoliwa nao ni chakula bora.

3. Maharagi. Yanasaidia mwili kujenga ngozi mpya.

4. Majani mabichi, mawese na matunda. Mawese mekundu, maembe na mapapai yana kitu ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A, inayozuia ngozi kukauka na kulinda macho. Usiyachome mawese mpaka yawe meupe, maana unaharibu faida yake. Sombe itwangwe na kupikwa sana ili sumu yake itoke. Osha majani kwa maji safi, kwa kuwa vumbi la migodi hukaa juu yake.

Baba unayepokea mshahara, au unayeuza mawe yako leo, sikiliza. Mtu anayekunywa lutuku bila kula hushikwa na pelagra upesi. Fedha ya chupa moja ingeweza kununua kalanga za watoto.

Mama, mtazame pia mtoto aliyeachishwa ziwa. Miguu yake ikivimba, nywele zikibadilika rangi, na ngozi ikibanduka, usingoje. Huo ni ugonjwa mwingine wa utapiamlo, nao unaua. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

USIFICHE NGOZI YAKO

Mafuta ya kung’arisha ngozi hayaponyi pelagra, na mengine yana zebaki, ambayo ni sumu. Ukiona alama nilizotaja, njoo hospitali. Usijipime mwenyewe, maana ukoma na magonjwa mengine pia huanzia katika ngozi, nayo yana dawa zake. Kama unatumia dawa za kifua kikuu, mwambie munganga, kwa sababu moja ya dawa hizo huweza kupunguza niasini. Lakini usiziache kwa shauri lako mwenyewe.

Pelagra ina vidonge vyake. Mgonjwa akivipata mapema, tumbo na akili huanza kutulia baada ya siku chache, na ngozi hufuata polepole. Lakini vidonge vitakwisha, na chungu kitabaki. Leo ukienda sokoni kununua unga, usirudi bila kalanga.